Kabla Ndege Haijaruka: Namna ya Kutengeneza Misheni Yako kwenye Simuleta ya Vita

Hosteli yoyote ya chuo ina watu wanaocheza magemu ya ndege za kivita, na wengi wao huishia kwenye misheni zilizokuja na gemu lenyewe. Wanaruka, wanapiga, wanatunguliwa, wanaanza upya mpaka umeme ukatike. Wachache sana hufungua ile menyu ya pembeni, kihariri cha misheni, ambako wewe mwenyewe unaamua ndege gani iruke, saa ngapi, ielekee wapi, ikutane na nini, na ikirudi iwe imefanikisha nini. Makala hii ni ya hao wachache, na ya wale wanaotaka kujiunga nao.

Nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Jiografia. Nalisema mapema kwa sababu nitakachoeleza hapa nimekielewa zaidi kupitia darasa kuliko kupitia gemu. Misheni ni ndugu wa andalio la somo. Zote mbili unaziandika leo ili kesho mtu mwingine, akiwa peke yake bila wewe kumshika mkono, afanye maamuzi. Ukishalielewa hilo, vitufe vya kubofya ni kazi ya jioni moja. Usipolielewa, utajaza ndege mia kwenye ramani na bado mchezaji wako atapiga miayo.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, nao ni wa nyumbani. Mimi ni mtoto wa Kumsenga, Kibondo, kule milimani Kigoma. Mwaka 1916 mji wa Kigoma ulishambuliwa kutoka angani, na habari hiyo nimeiona ni misheni iliyo tayari kabisa, inasubiri mtu aiandike.

Unahitaji nini

Huhitaji mashine ya bei ya bodaboda. Simuleta mbili zinatosha kwa mazoezi. Ya kwanza ni IL-2 Sturmovik: 1946, mkusanyo uliotoka 2006 wa mfululizo ulioanza 2001, kazi ya kampuni ya Maddox Games ya Urusi. Ni ya zamani, kwa hiyo laptopu nyingi tulizonazo zinaiendesha bila kulalamika, na ndani yake kuna kihariri kinachoitwa Full Mission Builder. Ya pili ni DCS World ya Eagle Dynamics. Hii kuipakua ni bure, na unapewa ndege mbili za kuanzia, Su-25T na TF-51D. Tatizo lake ni uzito: inakula gigabaiti nyingi na inataka mashine yenye nguvu. Kama una rafiki mwenye kompyuta ya maana, mheshimu.

Zote mbili zina jambo moja zuri kwa mwanafunzi: faili la misheni ni dogo mno. Kwenye IL-2 ni maandishi matupu yenye mwisho wa .mis, unaweza hata kulifungua kwa Notepad ukaona kila ndege na kila kituo cha njia kimeandikwa mstari kwa mstari. Kwenye DCS ni folda iliyobanwa, yenye mwisho wa .miz, na ndani yake kuna maandishi ya lugha ya Lua. Maana yake misheni yako unaweza kumtumia mshkaji kwa WhatsApp bila bando kujua kama imeguswa.

Kigoma, 1916

Kabla ya kubofya chochote, soma. Haya ndo niliyoyahitaji kwa misheni yangu.

Wajerumani walifikisha reli Kigoma mwaka 1914. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilitengenezwa kiwandani Meyer, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa kwenye maelfu ya makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Kwa meli hiyo walilishika Ziwa Tanganyika.

Mbali kule Rufiji, mwaka huohuo, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta. Meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliipiga kutoka mbali bila kuiona. Aliyeiona alikuwa mtu wa angani: ndege ilizunguka juu ya mikoko na kutuma ujumbe wa redio, "ongeza", "punguza", "kushoto". Tarehe 11 Julai 1915 ndege hiyo ilipigwa injini, lakini iliendelea kutuma masahihisho huku ikishuka, na Königsberg ikawa imekwisha. Mizinga yake Wajerumani waliiopoa na kuigawa nchi nzima. Mmoja, wa milimita 105, ulipelekwa Kigoma na kufungwa juu ya Götzen.

Upande wa pili wa ziwa walikuwa Wabelgiji. Waingereza waliwapa ndege nne za Short 827, zile zenye maboya badala ya magurudumu, zinazoondoka na kutua juu ya maji. Kituo chao kilikuwa kiziwa cha Tongwe, karibu na Mtoa, upande wa Kongo. Kutoka hapo, Juni na Julai 1916, waliruka kuvuka ziwa kwenda kuipiga bandari ya Kigoma na ile meli.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe ili isitekwe, baada ya mafundi kuipaka injini grisi nene. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa ile meli, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Jina hilo mnalijua: Liemba.

Hatua ya kwanza: sentensi moja

Kwenye andalio la somo tunaandika lengo mahususi: mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kufanya nini. Misheni nayo ianze hivyohivyo. Andika sentensi moja inayosema mchezaji ataamua nini. "Atashambulia Kigoma" haitoshi, kwa sababu hapo hakuna uamuzi, kuna amri tu. Yangu niliiandika hivi: "Mchezaji ataamua abaki juu ya bandari kwa muda gani kabla ya kurudi, wakati hajui kwa uhakika anachokiona chini ni hatari kiasi gani."

Sentensi hiyo ndiyo inayokuambia nini uweke na nini uache. Nilipoanza nilikuwa na hamu ya kuongeza ndege za Kijerumani zipambane angani, maana bila mapambano washkaji watasema gemu limepooza. Nikaiangalia sentensi. Kigoma ya 1916 haikuwa na ndege za kumkimbiza Mbelgiji. Nikaziacha.

Hatua ya pili: hesabu ya mafuta

Hapa ndipo misheni nyingi za mitaani zinapokufa. Mtengenezaji anaweka shabaha mahali inapopendeza kwenye ramani, mchezaji anafika, anapiga, anarudi na tangi limejaa. Hakuna presha. Presha halisi ya rubani ni saa.

Chukua Short 827. Mwendo wake wa juu ni kama kilomita 100 kwa saa, na inaweza kukaa angani kama saa tatu na nusu, yaani dakika 210. Tuchukue umbali wa kilomita 120 kwenda, na 120 kurudi. Bila upepo, kwenda ni dakika 72, kurudi 72, jumla 144. Unabaki na dakika 66 za kuzunguka. Inaonekana raha.

Sasa weka upepo. Juni na Julai ni msimu wa kusi, na ziwani unavuma hasa kutoka kusini mashariki. Ndege inakwenda Kigoma kuelekea kaskazini, kwa hiyo upepo unaisukuma mgongoni. Ikirudi, unaipinga usoni. Tuseme upepo unakupa kilomita 20 kwa saa ukienda na kukunyang'anya 20 ukirudi. Kwenda itakuwa dakika 60. Kurudi itakuwa 90.

Angalia mtego ulivyo. Mchezaji amefika kwa saa moja, anajisemea, "Kumbe karibu, na kurudi ni saa moja." Anadhani ana dakika 90 za kukaa juu ya bandari. Ukweli ana 60. Tofauti ya dakika 30 ni kilomita 40 za maji, na Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Humo ndimo ile sentensi yangu ya kwanza inapokaa, na sijaweka adui hata mmoja bado.

Tatizo ni kwamba simuleta hizi hazina ramani ya ziwa letu wala Short 827. Usikate tamaa, na usilazimishe. Chagua ramani yenye maji mengi na pwani mbili, chagua ndege ya mwendo mdogo uipatayo, halafu utunze uwiano. Safari ya kwenda na kurudi inakula dakika 150 kati ya 210, yaani takribani asilimia 70 ya mafuta. Basi ruka njia yako yote mara moja bila kupigana, tazama mafuta yaliyotumika, kisha rudi kwenye kihariri upunguze asilimia ya tangi mpaka safari tupu iwe inakula hiyo asilimia 70. Ndege inaweza kuwa ya 1942 na safari ikawa ya dakika arobaini. Wasiwasi utakuwa uleule wa 1916. Upepo unauweka kwenye sehemu ya hali ya hewa. DCS inayo, na IL-2 iliyosasishwa nayo inayo. Kumbuka kwamba kusi wa ziwani unapaswa kubadilisha mwelekeo kulingana na pwani za ramani uliyochagua. Unachokihitaji ni usukume wakati wa kwenda na upinge wakati wa kurudi.

Hatua ya tatu: vituo vya njia

Kila ndege kwenye kihariri inafuata vituo vya njia. Unabofya kwenye ramani, kituo kinatokea, unakipa kimo, mwendo na kazi: kuruka kutoka uwanjani, kupita, kushambulia chini, kutua. Kwa ndege zinazoendeshwa na kompyuta, vituo ni amri. Kwa mchezaji, ni ushauri tu. Anaweza kuvipuuza, na mtengenezaji mzuri anategemea atavipuuza.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, ndege inayoendeshwa na kompyuta haifikirii milima. Ukiipa kimo cha mita 300 na mbele kuna kilima, itakwenda kukigonga kwa utii kabisa. Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na milima inalizunguka. Kwa ramani ya namna hiyo angalia kimo cha ardhi kila kituo. Pili, ndege za maji zinasumbua kuanza kutoka majini kwenye baadhi ya ramani. Kwenye IL-2 kituo cha kwanza kikiwa cha kupita badala ya kuruka, misheni inaanzia angani. Hakuna dhambi hapo.

Hatua ya nne: mchezaji anajua nini

Wewe unayetengeneza unaona kila kitu. Ramani yako imejaa alama nyekundu na bluu. Mchezaji ataona maji, moshi kidogo, na kitu kirefu gatini. Kazi yako ni kukumbuka tofauti hiyo kila dakika, kama mwalimu anavyopaswa kukumbuka kwamba jibu lililo dhahiri kwake ni kitendawili kwa mwenzake.

Na Kigoma inatupa mfano mtamu. Ule mzinga wa Königsberg uliokuwa juu ya Götzen, Wajerumani waliuondoa mwaka 1916 kwa sababu ulihitajika nchi kavu, na mahali pake wakaweka mzinga wa bandia, wa mbao. Rubani anayekuja kutoka Kongo anaona mdomo wa mzinga. Atajuaje ni gogo?

Kwenye kihariri hilo linafanyika hivi: meli unaiweka kama chombo kilichosimama, kisha unaizimia silaha au unachagua meli ya mizigo isiyo na silaha yenye umbo kubwa. Pembeni, nchi kavu, unaweka mizinga miwili mitatu ya kutungulia ndege. Wapiganaji wa kompyuta wana ngazi nne za ujuzi, kuanzia mwanagenzi hadi bingwa. Wape uanagenzi. Wapya wengi huweka mabingwa kila mahali wakidhani ugumu ndio utamu, na mchezaji anatunguliwa kabla hajafikiri chochote. Risasi zinazomkosakosa zinamfundisha zaidi kuliko ile moja inayomuua.

Halafu andika maelezo ya kabla ya kuruka. Haya ndiyo maneno pekee ambayo mchezaji atayasoma, kwa hiyo andika kama ofisa wa 1916 angeandika: anachokijua, anachokidhani, na anachotaka. "Meli ina mzinga mkubwa" inaingia, kwa sababu Wabelgiji walikuwa na kila sababu ya kuamini hivyo. "Mzinga ni wa mbao" haiingii. Aya tatu zinatosha. Hakuna anayesoma ukurasa mzima akiwa ameshika usukani.

Hatua ya tano: mambo yanayobadilika

Somo ambalo mwalimu anaongea dakika 40 kwa sauti moja linaua. Misheni nayo inahitaji kitu kibadilike katikati. Kwenye IL-2 ya kawaida unacheza na ratiba: mashua inaanza kusogea dakika ya 15, wingu liko mita 800, jua linakaribia kuzama. Kwenye DCS una vichocheo, navyo vina sarufi rahisi: *kama* hiki kikitokea, *basi* kile kifanyike. Unachora duara kwenye ramani. Mchezaji akiingia ndani yake, ujumbe unatokea. Kundi la magari lililolala linaweza kuamshwa muda ukifika. Kitu fulani kikiharibiwa, alama zinapungua au misheni inaisha.

Anza na vichocheo vitatu tu. Misheni yenye vichocheo thelathini ni kama azimio la kazi lenye mada thelathini kwa muhula mmoja: kwenye karatasi linapendeza, utekelezaji hakuna. Vyangu vilikuwa hivi: mchezaji akifika kilomita 10 kutoka bandarini, mizinga inaamka, muda wa kurudi ukikaribia, mwangalizi aliyekaa naye anamkumbusha saa, mara moja tu, akitua salama, anasomewa matokeo.

Hatua ya sita: ushindi ni nini

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, na si kwa sababu ya ufundi. Nilimwonyesha rasimu mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Ujiji. Akatazama ramani, akasoma maelezo, akaniuliza:

"Kaka, hii Götzen si ndo Liemba?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa mbona unanituma nikailipue? Bibi yangu kaipanda hiyo mpaka Kasanga."

Alikuwa anatania, lakini swali halikuondoka. Kihariri kinakupa aina za malengo: haribu, linda, sindikiza, peleleza. Ukichagua "haribu" na kubofya meli, kompyuta inaielewa kama kitu kimoja chenye hali mbili, nzima au imeharibika. Hakuna kisanduku cha kujaza meli hii itakuja kufanya nini.

Mimi najua ilichokuja kufanya. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, milima nyuma na maji mbele. Liemba ilikwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma, na kutoka hapo wengi wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Baadaye mwaka huohuo kambi ya Nduta, wilayani kwetu Kibondo, ikafunguliwa tena. Nilikuwa shule ya msingi. Watu waliovuka kwa meli ya vita ya mwaka 1915 walikuwa majirani zetu.

Na hata mwaka 1916 chini hapakuwa na meli tupu. Bandari ina wachukuzi, wavuvi, wauza dagaa, wanaofua nguo. Vita ile ilibebwa kwa mabega ya wapagazi. Jina Kariakoo pale Dar limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Na mabomu ya angani hayana adabu ya kwenda yalikotumwa. Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza. Ikaukosa mji mzima, silaha zikaangukia kisiwa cha Saanane, na waliokufa ni wanyama wa hifadhi. Mwanza inaonekana vizuri sana kwenye ramani.

Sikuifuta misheni. Shambulio lilitokea, na kulificha ni uongo wa aina nyingine. Nilichobadilisha ni tafsiri ya ushindi. Lengo kuu likawa kupeleleza: fika, tazama, hesabu vyombo vilivyo gatini, rudi na taarifa. Mabomu yapo chini ya mabawa na lengo la pili linaruhusu kuyatumia. Karibu na meli niliweka vyombo vidogo vya raia na nyumba za ufukweni, bila kuviandika kwenye maelezo. Kwenye toleo la DCS, chombo cha raia kikiharibiwa, alama zinashuka chini ya sifuri hata kama meli imepigwa. Mchezaji anaambiwa hilo akishatua, kwa sababu rubani naye angelijua baadaye, kama angelijua kabisa.

Washkaji saba wameijaribu mpaka sasa. Wanne walidondosha mabomu. Mmoja alifika, akaziona mashua, akazunguka mara tatu, akarudi nayo yote, na mafuta yakamwishia akiwa anaona pwani. Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake matusi. Nimeutunza, maana alikuwa ameshika sentensi yangu ya hatua ya kwanza bila mimi kumwonyesha.

Hatua ya saba: jaribu, kisha nyamaza

Ruka misheni yako mara tatu kabla ya kumpa mtu. Mara ya kwanza fuata maelezo yote kama mwanafunzi wa mbele. Mara ya pili vunja kila kitu: nenda upande mwingine, piga kisichohusika, tua mapema. Mara ya tatu usifanye lolote, acha ndege iende, uone dunia uliyoitengeneza inaendelea vipi bila mchezaji. Kasoro nyingi zinaonekana kwenye ile ya tatu: msafara wa magari umekwama darajani, mashua inazunguka kisiwa kama imelewa.

Kama laptopu inaanza kukwamakwama, punguza vitu. Kila nyumba na kila mzinga unakula nguvu ya mashine, na vilivyo mbali na njia ya mchezaji havina kazi.

Halafu mpe mtu ambaye hujamsimulia chochote. Kaa nyuma yake. Usiongee. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na sisi wa ualimu tunalijua kutokana na yale mazoezi ya kufundishana kabla ya kwenda fildi: mwenzako ubaoni anakwama, na mdomo unakuwasha umsaidie. Vumilia. Andika dakika aliyopotea, neno la maelezo alilolisoma mara mbili, mahali alipocheka. Akimaliza, muulize maswali matatu: Ulidhani unatakiwa kufanya nini? Uliamua nini, na lini? Ulijua nini wakati huo? Majibu yakitofautiana na sentensi yako ya kwanza, rudi kwenye ramani. Mchezaji hajakosea.

Ukitaka kuendelea

Misheni mbili tatu zikifuatana zinakuwa kampeni. Ya kwangu ya pili ni Rufiji, na humo mchezaji hana bomu hata moja. Kazi yake ni kuzunguka juu ya delta na kutazama wapi makombora yanaangukia. Ya Rufiji inakuja kabla ya ya Kigoma, na mzinga uleule unasafiri kutoka moja kwenda nyingine: anayefanikiwa Rufiji ndiye anayesababisha uopolewe na upandishwe treni kuelekea ziwani.

Na wewe una yako. Anayetoka Bukoba ana Kagera, anayetoka Tanga ana Novemba 1914, anayetoka Mwanza ana Saanane. Si lazima hata iwe vita: kihariri hichohicho kinaweza kupanga safari ya kupeleka dawa kwenye kiwanja kifupi chenye ukungu, na hesabu ya mafuta haibadiliki. Tafuta tukio, soma mpaka ujue tarehe, umbali na nani alikuwa chini, kisha chukua karatasi kabla ya kompyuta na uandike ile sentensi moja. Ukishaiandika, nitafute nikufundishe kutumia kihariri. Laptopu njoo nayo ikiwa na chaji, maana soketi ya chumbani kwetu ni moja na tuko wanne.